Spuli ya valvu inagoma kusogea mafuta yakienda kwa kasi: ni kani ya mafuta, uchafu au umeme?

#1 FundiMkonge

Wakuu, habari za jioni. Ninahudumia mashine ya haidroliki ya kushindilia marobota ya katani katika shamba moja la mkonge mkoani Tanga, na nina swali ambalo mafundi wenzangu hapa kila mmoja amelijibu kwa njia yake.

Silinda kuu ina kipenyo cha milimita 160, fimbo yake ni milimita 110, na mwendo wake unakaribia mita 2. Inaongozwa na valvu moja tu ya umeme ya kipimo cha NG10 yenye nafasi tatu, koili mbili za volti 230 za mkondo geu, na springi mbili zinazoirudisha katikati spuli, yaani kile chuma kinachoteleza ndani ya valvu kufungua na kufunga njia za mafuta. Spuli ikiwa katikati, mafuta ya pampu yanazunguka kurudi tangini, na milango A na B, inayokwenda kwenye silinda, imefungwa. Pampu ya zamani ilikuwa ya lita 60 kwa dakika. Ilipochakaa tuliletewa ya lita 100 ili marobota yatoke haraka zaidi. Rilifu, valvu inayoachia mafuta shinikizo likizidi, imewekwa bar 200 na haikuguswa.

Tangu pampu mpya ifungwe, asubuhi kazi inakwenda vizuri. Baada ya mapumziko ya mchana, ukiamuru silinda ipande, koili ya kupandishia inanguruma, spuli inasogea kidogo kisha inasimama, na ukichelewa kuzima koili inaungua. Kushuka hakusumbui kabisa. Nimeifungua valvu, nikaiosha spuli kwa dizeli safi, nayo ikateleza kwa kidole bila kukwama popote. Sasa, kama mezani inateleza kwa kidole, ni kitu gani kinachoishika ikiwa ndani ya mashine?

#2 GerejiTandale

Mkuu, huo ni uchafu, usijisumbue na mengine. Mwanya kati ya spuli na tundu lake ni wa mikroni chache tu, wakati unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 hivi. Nyuzi za katani na vumbi lake vimejaa hapo kiwandani, na kila fimbo inaporudi ndani inaingia navyo. Mwaga mafuta, safisha tangi hadi kwenye kona, weka filta mpya ya marejeo, na kama kuna mikwaruzo kwenye spuli ipitishe msasa laini sana. Nimeponya ekskaveta nyingi kwa njia hiyo.

#3 MhandisiNyamagana

Ndugu FundiMkonge, umeuliza swali zuri kwa sababu umetaja mambo mawili ambayo wengi huyaacha: spuli inateleza mezani, na tatizo lilianza pampu ilipoongezwa. Kitu ambacho hakipo mezani na kipo ndani ya mashine ni mtiririko. Mafuta yenyewe, yanapopita kwenye ukingo wa spuli, huisukuma spuli ijifunge.

Inatokea hivi. Spuli inapofungua mwanya mwembamba, mafuta yanapita hapo kwa kasi kubwa mno. Tofauti ya shinikizo ya bar 100 peke yake inatosha kuyapa mafuta ya madini kasi ya mita 150 kwa sekunde. Mkondo huo hautoki wima kwenda ukutani, bali unalala ukifanya pembe ya nyuzi 69 na mhimili wa spuli, kwa hiyo sehemu ya msukumo wake inaelekea kwenye urefu wa spuli. Mafuta yakisukumwa upande mmoja, spuli inasukumwa upande wa pili, kama mpira wa kumwagilia unavyorudi nyuma mkononi maji yakifunguliwa kwa nguvu. Kwa spuli ya kawaida, mwelekeo huo ni wa kufunga, mafuta yawe yanaingia au yanatoka kwenye chumba cha spuli.

Hesabu yake ni fupi: uzito wa mafuta yanayopita kila sekunde, mara kasi ya mkondo, mara kosaini ya pembe. Lita 100 kwa dakika ni kama kilo 1.45 kwa sekunde. Kosaini ya nyuzi 69 ni 0.36. Kwa tofauti ya bar 100 unapata takriban nyutoni 79. Kwa bar 200 unapata takriban nyutoni 110, sawa na kuning'iniza mzigo wa kilo 11 kwenye spuli. Kwa pampu yako ya zamani, kwa bar 200 zilezile, ingekuwa kama nyutoni 67. Koili inapaswa kuishinda kani hiyo pamoja na springi, na akiba ya koili ya ukubwa huo si kubwa.

Tena angalia inaposimama. Spuli ikiwa imefunguka kidogo sana, mafuta mengi bado yanapitia rilifu, tofauti ya shinikizo haibadiliki, na kani inakua kadiri mwanya unavyokua. Mafuta yote ya pampu yakishapita kwenye spuli, kuongeza mwanya kunapunguza kasi, na kani inashuka. Kilele kiko njiani, si mwanzoni wala mwishoni. Ndiyo maana yako inasogea kidogo kisha inakwama.

#4 KifaruWaGrisi

Heshima kwako Mhandisi, lakini mfano wa mpira wa maji unanisumbua. Mpira una kona ya kusukumwa. Spuli ina kola mbili (sehemu zake nene zinazoziba milango) zinazotazamana, na chumba kati yake kina shinikizo lilelile pande zote, kwa hiyo kola ya kushoto inasukumwa kushoto na ya kulia inasukumwa kulia sawasawa. Mafuta hayawezi kuisukuma chuma kwa mbali, lazima yaiguse. Nilivyofundishwa kazini ni kwamba hii ni kani ya Bernoulli: karibu na ukingo unaofunguka mafuta yanakimbia, shinikizo linashuka kwenye uso wa kola ile, huku kola ya upande wa pili ikibaki na shinikizo kamili. Tofauti hiyo ndiyo inayovuta spuli kufunga. Hakuna haja ya kutaja mkondo wala pembe.

#5 MhandisiNyamagana

KifaruWaGrisi, tunasema jambo moja kwa milango miwili. Ukijumlisha shinikizo kwenye nyuso zote za kola kama unavyotaka, utapata jibu lilelile ninalolipata kwa kuhesabu msukumo unaoingia na kutoka chumbani. Njia yangu ina faida moja: haihitaji kujua shinikizo kwenye kila nukta ya uso wa kola, jambo ambalo bila kompyuta ni gumu kulipata.

#6 KifaruWaGrisi

Nakubali kwa mafuta yanayotoka chumbani. Lakini kwa mafuta yanayoingia, mahali yanapoanza kukimbia ni nje ya chumba, upande wa mwili wa valvu. Huo ushukaji wa shinikizo kwenye uso wa kola uko wapi hapo? Na kama haupo, kwa nini bado useme inafunga? Hapo bado sijaridhika.

#7 MkufunziMstaafu

Nimefundisha somo hili kwa miaka mingi, na swali la Kifaru katika chapisho namba 6 ni la haki. Mafuta yanapoingia, mkondo unavuka chumba ukiwa umelala, unakwenda kuigonga kola ya upande wa pili, na kugeuzwa hapo kabla ya kutoka. Shinikizo linapanda kwenye kola inayogongwa, badala ya kushuka kwenye kola inayofungua, na matokeo yake ni kufunga vilevile. Hata hivyo, mkondo unaoingia unaweza kujibandika kwenye uso wa shina la spuli au kuzunguka chumbani, kwa hiyo vipimo vya maabara kwa upande wa kuingia huachana na hesabu rahisi kuliko upande wa kutoka. Mtu asikuapie kwamba namba ya karatasi ndiyo namba ya chuma.

Kwa historia, pembe ya nyuzi 69 inatokana na hesabu za von Mises kuhusu mkondo unaotoka kwenye tundu lenye kingo kali, na waliofanya wahandisi wa valvu waizingatie kani hii ni Lee na Blackburn wa MIT, Marekani, waliochapisha vipimo vyao mwaka 1952. Walionyesha pia kwamba ukilichonga shina la spuli kwa umbo la kuugeuza mkondo, unaweza kuipunguza kani hiyo sana. Baadhi ya valvu mnazozifungua zenye shina lililochongwa kwa mkunjo, badala ya kuwa mrija ulionyooka, zina asili ya wazo hilo.

Lakini kabla hamjaisulubu kani ya mtiririko, kumbukeni mshukiwa wa pili wa kukwama: kani ya ubavuni. Ikiwa spuli ina umbo la mchongoko kidogo sana, hata wa mikroni chache, na upande wenye mwanya mwembamba ukawa ndio unaotazama shinikizo kubwa, mafuta yanayovuja yataisukuma spuli kando hadi ilalie ukuta. Kwa kola ya milimita 16 kwa urefu wa milimita 15 na tofauti ya bar 200, kani hiyo ya ubavuni inaweza kuzidi nyutoni 1,000 kama kola haina mifuo. Msuguano wake peke yake unaishinda koili. Na mezani, ambako hakuna shinikizo, utaikuta inateleza kwa kidole kama ulivyoeleza.

#8 GerejiTandale

Mwalimu, shikamoo. Hiyo mifuo ya duara kwenye kola za spuli, nilidhani kazi yake ni kukusanya takataka.

#9 MkufunziMstaafu

Marahaba. Inakusanya kiasi, lakini kazi yake kuu ni kusawazisha shinikizo kuzunguka kola, ili upande mmoja usisukumwe kuliko mwingine. Mfuo mmoja uliokaa katikati hupunguza kani ya ubavuni hadi kama asilimia 40 ya ile ya awali; mitatu huishusha hadi kama asilimia 6; saba hadi chini ya asilimia 3. Baada ya mitatu faida inakuwa ndogo. Kingo za mifuo hiyo zinapaswa kuwa kali. Zikiwa na mviringo, uchafu unapata njia ya kujikunja na kuingia mwanyani.

#10 MhandisiNyamagana

Na hilo linanirudisha kwa ushauri wa msasa katika chapisho namba 2. Kaka GerejiTandale, filta sawa, tangi sawa, lakini msasa usiuguse ukingo wa kola kabisa. Ukingo ukishakuwa mviringo, pembe ya mkondo haibaki nyuzi 69. Mwanya ukiwa mdogo, inaweza kushuka hadi kuikaribia nyuzi 21, na kosaini ya nyuzi 21 ni 0.93. Yaani kwa mtiririko uleule na shinikizo lilelile, kani ya kufunga inakuwa zaidi ya mara mbili na nusu. Mtu anaisugua spuli ili iteleze, kumbe anaiongezea mzigo.

#11 Mwanafunzi_Mlimani

Samahani wakubwa zangu, naomba kurekebisha kidogo. Kushuka huko hadi nyuzi 21 hutokea pale mwanya unapokuwa mdogo ukilinganishwa na uwazi wa ubavuni (kati ya spuli na tundu lake) au na mviringo wa ukingo. Spuli ikishasogea mbali na hapo, pembe inarudi kuelekea nyuzi 69. Na mwanya ukiwa mdogo kiasi hicho, mafuta yanayopita ni machache, kwa hiyo kani yenyewe bado haijawa kubwa. Kwa spuli ya mwendo wa milimita kadhaa kama ya FundiMkonge, sidhani ukingo wa mviringo ungebadilisha sana kilele kilichoelezwa katika chapisho namba 3. Ungeathiri zaidi valvu za sevo, ambazo maisha yao yote yapo kwenye mwanya mdogo.

#12 MhandisiNyamagana

Marekebisho yako yana msingi kwa kilele. Msimamo wangu kuhusu msasa haubadiliki, kwa sababu ukingo ukishaharibika, uvujaji wa katikati unaongezeka na mzigo hautulii.

#13 SpanaNaMita

Nyote mmeanzia kwenye mafuta, na mimi ninaanzia kwenye umeme, kwa sababu koili imeungua. Koili ya mkondo geu ina tabia yake: moyo wa chuma ukiwa haujafika mwisho, mkondo unaovutwa ni mkubwa mara kadhaa kuliko ule wa kushikilia. Ikifika mwisho mkondo unashuka na koili inapumua. Ikisimama katikati ya njia, inapikwa. Kwa hiyo kuungua hakutuambii nani aliyeizuia spuli. Kunatuambia tu kwamba haikufika.

Sasa pima volti kwenye plagi ya koili wakati inanguruma, usipime kwenye paneli. Nguvu ya solenoidi ya mkondo geu inafuata mraba wa volti. Ukiwa na volti 207 badala ya 230, umepoteza asilimia 10 ya volti na asilimia 19 ya nguvu. Shamba la mkonge lenye korona inayochakata majani kwenye laini hiyohiyo haliwezi kukosa kushuka kwa volti. Weka nyutoni 110 za Mhandisi juu ya koili iliyopoteza moja ya tano ya nguvu zake, halafu utuambie kama bado unahitaji uchafu ili kuieleza hitilafu hii.

Kwa wenye koili za mkondo mnyoofu, adui ni joto. Waya wa shaba ukipanda nyuzi 60, ukinzani unaongezeka kwa kama asilimia 24, mkondo unashuka hadi asilimia 81, na nguvu inabaki karibu theluthi mbili. Haziungui, lakini mchana zinalegea.

#14 FundiMkonge

Nashukuru sana kwa michango. Nimepima leo. Kwenye plagi ya koili napata volti 209 korona ikiwa inafanya kazi. Lakini korona inawashwa alfajiri, na asubuhi nilipopima nilipata volti zilezile huku spuli ikisogea bila shida. Kwa hiyo umeme ni mdogo siku nzima, na mashine inagoma mchana tu. Spuli ina mifuo mitatu kwenye kila kola ndefu, kingo zake ni kali, na sijaipitisha msasa.

#15 BintiMvita

Salaam kutoka Mombasa. Mimi hushughulika na mashine za kunyanyulia makontena, na ninaona kuna namba moja ambayo hamjaitumia hata mmoja wenu, ilhali FundiMkonge aliitoa katika chapisho la kwanza: silinda ni milimita 160, fimbo ni 110. Eneo la upande wa pistoni ni karibu mara mbili ya eneo la upande wa fimbo. Silinda inaposhuka, pampu inatia lita 100 juu na zinarudi kama lita 50. Inapopanda, pampu inatia lita 100 upande wa fimbo, na upande wa pistoni unatema karibu lita 200 kwa dakika, zote zikipita kwenye ukingo wa A (upande wa pistoni) kwenda T (tangini) wa valvu hiyohiyo moja. Valvu ya NG10 inayoendeshwa moja kwa moja na koili huandikiwa kwenye katalogi kikomo cha kama lita 120. Kwa hiyo si ajabu kwamba kushuka hakusumbui na kupanda kunasumbua.

Na si hilo tu. Wakati robota limeshindiliwa na spuli ikarudi katikati, upande wa pistoni umefungwa ukiwa na bar 200 ndani. Mafuta si magumu kama tunavyodhani; kwa bar 200 hupungua ujazo kwa karibu asilimia moja na nusu. Silinda yako ikijaa ina lita 40 hivi, kwa hiyo kuna zaidi ya nusu lita iliyobanwa inayosubiri kutoka. Spuli ikifungua kidogo tu kuelekea tangini, hiyo nusu lita inataka kutoka yote ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, ikiwa na tofauti ya bar 200 kamili. Kwa muda huo mtiririko unaweza kuzidi lita 300 kwa dakika, na rilifu haina habari, kwa sababu mafuta hayo hayatoki kwenye pampu. Zaidi ya hapo, katani iliyoshindiliwa inajivuta kama springi na kuisukuma pistoni juu. Hiyo ndiyo kani unayopigana nayo.

Someni pia maandishi madogo ya katalogi chini ya michoro ya mipaka ya utendaji. Huandikwa kwamba mipaka hiyo ni kwa mtiririko wa njia mbili, yaani P (pampu) kwenda A pamoja na B kurudi T, na kwamba ikitumika njia moja tu, mlango mmoja ukiwa umezibwa, kikomo kinashuka sana kwa sababu ya kani za mtiririko. Wengi huishia kwenye namba kubwa ya ukurasa wa kwanza.

#16 SpanaNaMita

Dada, hesabu ya uwiano wa silinda imenishika. Lakini asubuhi uwiano ni uleule.

#17 MuscatDizeli

Niko Oman, kwenye korongo za kunyanyulia mabomba jangwani, na kwangu uchafu haukai kama kokoto; unakaa kama tope la unga. Hoja ya GerejiTandale nisingeitupa haraka hivyo. Spuli ikikaa kimya kwa muda mrefu huku upande mmoja una shinikizo, mafuta yanavuja polepole kupitia mwanya, na chembe zenye ukubwa unaolingana na mwanya zinabaki humo, moja baada ya nyingine, mpaka zinajaza. Spuli inayosogea kila dakika haipati tatizo hilo. Spuli iliyokaa saa nzima inahitaji nguvu kubwa ya kuianzisha, na ikishang'oka mara moja inateleza kama kawaida. Ndiyo sababu ukiifungua na kuiosha huoni kitu: umeshaisafisha kabla ya kuiangalia.

Kwa hiyo nina swali kwa FundiMkonge: mnapokwenda mapumziko ya mchana, robota linaachwa likiwa limeshindiliwa?

#18 FundiMkonge

Ndiyo, mara nyingi linaachwa hivyo, kwa sababu waendeshaji wanapenda lijikaze kabla ya kufungwa waya. Pampu inazimwa, lakini geji ya upande wa pistoni inabaki na shinikizo linaloshuka polepole.

#19 GerejiTandale

Nilisema.

#20 MkufunziMstaafu

Usishangilie bado, kijana wangu. Tope la MuscatDizeli linaeleza safari ya kwanza baada ya mapumziko, lakini halielezi kwa nini spuli inasogea kidogo *kisha* inasimama. Iliyojazwa tope hugoma tangu mwanzo. Inayosimama njiani inaelekea zaidi kwenye kilele cha Mhandisi.

Kuna kipimo rahisi cha kutenganisha mambo haya, nami huwapa wanafunzi. Kwenye valvu ya nafasi tatu yenye springi, kani ya mtiririko inapingana na koili wakati wa kwenda, na inaisaidia springi wakati wa kurudi. Tope na kani ya ubavuni hazibagui; zinashika kwenda na kurudi. Spuli inayogoma kwenda lakini inarudi katikati kwa haraka, mshukiwa ni mtiririko. Inayogoma pia kurudi, mshukiwa yumo mwanyani.

#21 Mwanafunzi_Mlimani

Mwalimu, naomba kuongeza tahadhari. Kanuni hiyo inafaa kwa springi mbili na nafasi ya katikati. Kwa valvu ya nafasi mbili yenye springi moja, kurudi kwa springi ni kufunga njia moja na kufungua nyingine, kwa hiyo katika nusu ya pili ya safari kani ya mtiririko inaipinga springi. Huko spuli inaweza kugoma kurudi bila tope lolote.

Pia nilitaka kuuliza kuhusu kani ya mpito, ile inayotokana na mafuta ndani ya chumba kuongezewa au kupunguziwa kasi. Je, haihusiki hapa?

#22 MhandisiNyamagana

Ni kweli kuhusu nafasi mbili. Kuhusu kani ya mpito, ihesabu uone: uzito wa mafuta kwa ujazo, mara umbali kati ya milango chumbani, mara kasi ya mabadiliko ya mtiririko. Ukichukua milimita 20, na lita 100 kwa dakika zikifikiwa ndani ya milisekunde 20, unapata nyutoni moja na nusu hivi. Haiwezi kuizuia koili.

#23 BintiMvita

Kwa ukubwa ni ndogo, ila kwa valvu za uwiano isidharauliwe. Mwelekeo wake unategemea upande mafuta yanakokwenda ndani ya chumba. Upande mmoja inatuliza spuli, upande wa pili inaichochea itetemeke. Nimewahi kusikia valvu ya boma (mkono wa kunyanyulia) inalia kama filimbi kwenye mwendo mdogo, na kubadilisha koili hakukusaidia chochote. Lakini kwa FundiMkonge nakubali kwamba si yenyewe.

#24 KifaruWaGrisi

Tukirudi kwenye mchana. Mafuta yakipata joto, pampu inavuja zaidi ndani kwa ndani, kwa hiyo mtiririko wake unapungua kidogo. Uzito wa mafuta nao unapungua, ingawa ni kidogo sana. Kwa hesabu ya Mhandisi, kani ya mtiririko inapaswa kuwa *ndogo* mchana kuliko asubuhi. Mtu anayetetea kani ya mtiririko peke yake anatakiwa kulijibu hilo.

#25 BintiMvita

Ninajaribu. Kilele ninachokitaja hakitoki kwenye pampu, kinatoka kwenye mafuta yaliyobanwa. Mafuta ya baridi ni mazito na yanapata ukinzani kwenye mabomba na viungo kabla ya kufika kwenye spuli, kwa hiyo ukinzani huo unagawana zile bar 200 na ukingo. Mafuta ya moto yanapita mabomba bila kuzuiwa, na sehemu kubwa zaidi ya shinikizo inaangukia kwenye ukingo wa spuli. Sijui kama tofauti hiyo inatosha, kwa sababu bomba lake sijaliona.

#26 FundiMkonge

Nimefanya majaribio mawili. Kwanza, niliweka kokki ndogo inayotoa shinikizo la upande wa pistoni kwenda tangini taratibu, nikaifungua mpaka geji ikaonyesha karibu sifuri, ndipo nikaamuru silinda ipande. Mchana wote spuli ilivuka vizuri, isipokuwa mara ya kwanza baada ya mapumziko, ambapo koili ilinguruma tena ingawa geji ilikuwa sifuri. Pili, kwa kipimo cha Mwalimu, niliangalia kurudi katikati. Kwa kawaida inarudi upesi. Ile mara ya kwanza baada ya mapumziko ilirudi kwa kuchelewa.

#27 MuscatDizeli

Basi una wawili, si mmoja. Kokki imemwondoa wa BintiMvita, na wa kwangu amebaki.

#28 MhandisiNyamagana

Kokki imeonyesha kwamba shinikizo lililofungiwa ndilo linaloizuia spuli mchana wote, na hilo ndilo lililounguza koili. Dawa yake inajulikana: ama valvu ya rubani ya NG16, ambayo spuli yake inasukumwa na shinikizo la mafuta badala ya koili na hivyo ina mamia ya nyutoni, ama ubaki na NG10 na uongeze valvu ya kuzuia inayofunguliwa kwa rubani, ipeleke sehemu ya lita 200 moja kwa moja tangini, pamoja na utaratibu wa kushusha shinikizo kwanza.

#29 SpanaNaMita

Au uongeze nyaya nene hadi kwenye koili upate volti zako 230, kabla ya kununua chochote. Kwa volti 209 umepoteza kama asilimia 17 ya nguvu, na hicho si kitu cha kukiacha.

#30 MkufunziMstaafu

Kabla ya nyaya na kabla ya NG16, nina ombi moja kuhusu ile mara ya kwanza baada ya mapumziko, kwa sababu bado siamini kwamba ni tope pekee. Valvu hii imefunguliwa na kufungwa upya mara kadhaa. Bolti zake nne zikikazwa bila kufuata msalaba, au manifoldi ikiwa na kovu dogo chini yake, mwili wa valvu unapinda kwa mikroni chache, na mikroni chache ndizo zote ulizonazo. Mwili ukiwa umepinda, kisha chuma kikapoa kwa saa moja kwa viwango tofauti, spuli inabanwa mahali pamoja. Legeza bolti zote nne, futa nyuso mbili kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, weka ukingo ulionyooka juu ya manifoldi uangalie mwanga, kisha kaza kwa msalaba kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), kwa kipimo kilichoandikwa kwenye katalogi ya valvu hiyo. Baada ya hapo mwache robota limeshindiliwa wakati wa chakula, utuletee jibu la ile mara ya kwanza.

#31 FundiMkonge

Spana ya toki ninaiazima kesho kutoka karakana ya matrekta. MuscatDizeli, wakati huohuo nitachota sampuli ya mafuta kwenye laini ya marejeo ikapimwe usafi, ili na hoja yako isibaki bila kipimo.